Kichocheo: Jina la Moto kwa Kazi Isiyo ya Moto

Mikutano ya kimataifa ya kemia siku hizi huweka mambo matatu kwenye bango moja: uchanganuzi, kazi ya vichocheo, na sayansi ya nano. Neno la kwanza Kiswahili kilikuwa nalo tangu zamani. Anayechanganya akirudi nyuma akatenga alivyovichanganya, anachanganua, kama afungaye anavyofungua na ategaye anavyotegua. La tatu tumelichukua lilivyo, kama tulivyochukua mita na gramu, wala halimsumbui mtu. La katikati ndilo lenye taabu. Kichocheo ni neno zuri, limezoeleka, liko vitabuni, na kila anayezungumza Kiswahili analielewa. Taabu yake ni kwamba analielewa vingine. Linafundisha kinyume cha kile kinachotendeka, na pa kuliona hilo vizuri ni kwenye maji ya kulowekea mihogo Rungwe Mpya, kata ya Wilaya ya Kasulu katika miinuko ya Kigoma.

Tuanze na kitenzi. Kuchochea ni kusogeza kuni ndani ya mafiga ili moto upande. Kutoka hapo tukapata anayechochea ugomvi, mchochezi anayeshtakiwa mahakamani kwa uchochezi, na kichocheo cha mtu kufanya jambo, yaani sababu inayomsukuma. Waandishi wa afya nao wakaziita homoni vichocheo. Katika matumizi yote hayo kuna maana moja isiyotoka: kitu kinaongezwa, nguvu inapanda, joto linazidi. Kuni zikiisha, moto unazimika.

Sasa tazama kitu chenyewe. Mwanafunzi wa sekondari hukutana nacho anapotengeneza oksijeni maabara. Peroksidi ya hidrojeni ikiachwa chupani hujigawa polepole mno kuwa maji na oksijeni. Tia unga mweusi wa oksidi ya manganisi, mapovu yanafoka palepale. Kazi ikiisha, chuja, kausha, pima: unga mweusi uko vilevile, uzito uleule, na unaweza kutumika tena. Haukuungua wala haukuleta joto lake. Peroksidi ilikuwa na safari yake tangu mwanzo, unga umeipa njia fupi.

Wanakemia huichora njia hiyo kama mlima. Upande mmoja wa mlima kuna vitu vinavyoingia kwenye mmenyuko, upande wa pili kuna vitakavyotoka, na kileleni ndipo inapohitajika nishati kubwa ya kuvukia. Ukipasha moto, unazipa molekuli nguvu ya kuupanda mlima uleule. Kitu tunachokiita kichocheo hakizipi nguvu hata kidogo. Kinafungua njia nyingine ambayo kilele chake ni kifupi. Kwa sababu hiyo hakiwezi kulazimisha mmenyuko usiowezekana, na huharakisha kwenda na kurudi kwa kiasi kilekile. Wilhelm Ostwald, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1909 kwa kazi hii pamoja na nyingine, alisisitiza jambo hilo: ni mwendo wa mmenyuko unaobadilika, na kitu chenyewe hakimo katika zao la mwisho.

Jina la Kizungu la kazi hii lilitungwa na Msweden Jöns Jacob Berzelius mwaka 1835. Alilitunga kwa makusudi liwe ndugu wa neno la uchanganuzi, kwa kuwa yote mawili yamejengwa juu ya kitenzi kimoja cha Kigiriki chenye maana ya kufungua au kulegeza. Berzelius mwenyewe hakujua kazi inafanyikaje, na aliwaza juu ya nguvu fulani ya siri iliyolala ndani ya vitu. Hata hivyo jina lake lilikuwa na bahati: halikutaja moto. Kulegeza kuko karibu na ukweli kuliko kuchochea.

Turudi Kasulu. Muhogo ni chakula cha kila siku katika nyanda hizi, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, kama ulivyo ng'ambo ya mpaka Burundi na ng'ambo ya ziwa Kongo, walikotoka wengi wa wakimbizi waliopokelewa katika kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996. Mihogo michungu inapendwa na mkulima kwa kuwa wanyama na wezi huiogopa. Uchungu huo huenda pamoja na linamarini, kitu kilichotengenezwa na mmea wenyewe na kufungiwa ndani ya seli. Linamarini imebeba sumu ya sianidi iliyofungwa. Kwenye kuta za seli, mahali pengine kabisa, mmea umeweka kimeng'enya, yaani kichocheo kinachotengenezwa na kiumbe hai, kiitwacho linamarasi. Muhogo ukiwa mzima viwili hivi havikutani. Ukitafunwa, ukitwangwa, ukikunwa, au ukilainika majini, kuta zinavunjika na linamarasi inaifikia linamarini. Hapo linamarini inagawanyika kuwa glukosi na kitu kingine kisichotulia, nacho kinavunjika kuwa asetoni na sianidi ya hidrojeni. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo siku ya jua la kawaida inatosha kuifanya ipae hewani.

Mama anayeloweka mihogo siku 3 hadi 5 mpaka ilainike, akaimenya, akaianika na kuisaga, anaendesha kiwanda cha kemia ambacho msingi wake ni kitu hikihiki tunachotafutia jina. Bakteria wa kwenye maji humsaidia kubomoa kuta. Linamarasi hufanya kazi iliyobaki, molekuli moja ikishughulikia linamarini nyingi mno bila yenyewe kwisha.

Na hapa ndipo neno kichocheo linapoponza. Linamarasi ni protini, na joto la kuchemsha huiharibu. Linamarini, kwa upande wake, inastahimili joto hilo. Anayechukua muhogo mchungu mzima na kuutia chunguni moja kwa moja, akachochea kuni kwa bidii akidhani moto mwingi ndio usalama, anaua kile ambacho kingemsafishia chakula, na sehemu kubwa ya linamarini inaweza kubaki. Ukimwambia kwamba ndani ya muhogo kuna kichocheo kinachoondoa sumu, umempa sababu ya kuongeza kuni. Neno limempeleka upande usiofaa, na hana kosa, maana amelielewa Kiswahili chake barabara.

Sizungumzii hatari ya kubuni. Mwaka 1985, ukame ulipoibana Wilaya ya Tarime mkoani Mara, watu walikula mihogo michungu iliyoandaliwa kwa haraka, na wengine wakapooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina kutoka lugha ya Wayaka wa Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Mguu uliopoozwa na konzo haurudi ulivyokuwa. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walishiriki katika kuonyesha kwamba chanzo ni sianidi ya mihogo isiyoandaliwa vya kutosha ikikutana na uhaba wa protini katika mlo, na baadaye konzo ilionekana tena kusini mwa nchi.

Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alikuja na jibu ambalo halihitaji kiwanda. Chukua unga wa muhogo, changanya na maji mpaka ulowe wote, tandaza juu ya mkeka tabaka jembamba lisilofika sentimita 1, acha muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Ndipo upike ugali. Linamarasi iliyobaki ndani ya unga mkavu ilikuwa imelala kwa kukosa maji. Ikiloweshwa inaamka na kuigawanya linamarini iliyobaki, na sianidi inaruka. Kiasi cha sumu hushuka mara 3 hadi 6. Kikomo kilichowekwa kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja. Hakuna ukuni hata mmoja uliochochewa katika kazi hiyo.

Bradbury na wenzake walitengeneza pia kipimo. Unga kidogo hutiwa ndani ya kichupa pamoja na maji na karatasi iliyobeba linamarasi, kisha hutundikwa humo karatasi ya njano yenye pikrati na kichupa kinafungwa usiku kucha. Asubuhi karatasi ikibaki njano unga ni salama. Kadiri ilivyogeuka kahawia ndivyo sumu ilivyo nyingi, na rangi inalinganishwa na jedwali. Uchanganuzi huu haungewezekana bila kimeng'enya, kwa kuwa sianidi ni lazima ifunguliwe kwanza ndipo ihesabiwe. Maneno mawili ya kwanza ya bango la mkutano yamekutana ndani ya kichupa kinachoweza kubebwa mfukoni hadi kijijini.

Kuhusu nano nitasema kidogo. Dhahabu inasifiwa kwa kutoshirikiana na kitu. Haipati kutu. Mwaka 1987 Mjapani Masatake Haruta na wenzake walichapisha matokeo kwamba dhahabu ikifanywa chembe za nanomita chache hubadili tabia na kurahisisha kuungua kwa monoksidi ya kaboni hata kwenye baridi. Kazi ya kichocheo kigumu kama hicho hufanyika usoni mwake, na kitu kikikatwa vipande vidogo uso unaongezeka ajabu: mchemraba wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba, lakini ukigawanywa kuwa michemraba ya nanomita 1 uso wake wote unafika mita 6,000 za mraba. Ndiyo maana wataalamu wa nano na wa vichocheo hawaachani.

Je, wengine wamelitafsirije jina la Berzelius? Wajapani walitunga neno ambalo sehemu yake ya pili ni mjumbe wa kati, yuleyule anayetumwa kuposa. Kwa Kiswahili huyo ni mshenga, anayezikutanisha nyumba mbili na ndoa ikifungwa yeye si bibi wala bwana. Picha ni sahihi ajabu, na mwalimu yeyote aitumie darasani. Kwenye kamusi haifai, kwa sababu kitu cha maabara hakiwezi kuingia ngeli ya watu bila kuleta kichekesho. Kwa Kichina cha leo neno lililoshinda lina maana ya kuhimiza mabadiliko, kwa hiyo hatuko peke yetu katika kosa. Kichapuzi nalo lingefaa, ila mchapuko umeshachukuliwa na fizikia kwa maana ya kuongezeka kwa kasi. Katalisti, yaani la Kizungu lililokopwa, lingekuwa salama lakini bubu. Halimwambii chochote mtu wa Rungwe Mpya.

Neno ninalolitetea ni kirahisishi. Rahisi kwa Kiswahili ni jepesi kufanya, na pia ni la bei ndogo, na maana zote mbili zinaingia hapa kama kifuniko na chungu chake: mmenyuko unakuwa mwepesi kwa sababu bei yake ya nishati imeshuka. Kinachorahisishwa ni lazima kiwe kinawezekana. Kirahisishi hakiishi kama kuni. Linamarasi ni kirahisishi cha muhogo; oksidi ya manganisi ni kirahisishi cha peroksidi; chuma ndicho kirahisishi katika utengenezaji wa amonia, ambayo kwayo hupatikana mbolea ya urea anayonunua mkulima wa mahindi wa Kasulu. Kazi yenyewe iwe urahisishaji, hata kama neno hilo lina matumizi mengine mtaani, kwani muktadha utalitenga. Kimeng'enya kibaki kwa virahisishi vinavyotengenezwa na viumbe hai, na homoni zibaki homoni.

Nafahamu uzito wa neno lililokwisha kuzoeleka, na kwamba BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, haliwezi kubadili istilahi kila mwandishi anapopiga kelele. Lakini mtoto wa shule ya msingi ya serikali katika nyanda hizi anasoma sayansi kwa Kiswahili, kisha sekondari anaipokea kwa Kiingereza, na siku akirudi nyumbani kumweleza mama yake kwa nini mihogo hulowekwa, anahitaji neno ambalo mama akilisikia hataona kuni. Nawaomba BAKITA, BAKIZA (baraza la Zanzibar) na TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) walipime. Na wale wanaoandika vipeperushi vya afya na kilimo kwa ajili ya Kasulu na Kibondo wasisubiri uamuzi. Waandike hivi: ndani ya unga wa muhogo kuna kirahisishi kinachoondoa sumu, kinataka maji na muda wa saa 2 juani, na moto huja baadaye.