Mkanda wa Jeshi Sio Hukumu

Mwaka jana nilipata mkanda wa jeshi. Nina miaka 24. Ilianza na maumivu chini ya mbavu, upande wa kushoto, nikadhani ni kulala vibaya kwa kochi ya beshte yangu. Siku ya tatu nikaona vipele vya maji vimejipanga kutoka mgongoni hadi karibu na kitovu. Shati ikinigusa hapo, naona nyota mchana.

Nilimwonyesha mathe. Kabla aseme kitu, alienda kufunga mlango. Halafu akaniuliza polepole: "Kuna kitu unataka kuniambia?"

Kama umelelewa mtaani, unajua hiyo swali inamaanisha nini. Nikiwa primary, kuna jirani mmoja kwa ploti yetu alitokwa na mkanda. Hakuna mtu alimuuliza anaendeleaje. Watu waliacha tu kuazima vitu kwake, na watoto wakaambiwa wasiingie kwa hiyo nyumba. Alihama kabla mwezi uishe. Hadi leo sijui alikuwa anaugua nini kingine, ama kama kulikuwa na kingine chochote.

Kesho yake nikaenda kliniki. Daktari aliangalia huo mstari kama nusu dakika hivi, akauliza kitu sikutarajia: "Ulipokuwa mtoto, uliugua tetekuwanga?"

Niliugua, nikiwa darasa la pili. Nikamuuliza inahusiana aje na mbavu zangu leo. Akacheka, akasema watu walichukua zaidi ya miaka mia moja kujibu hiyo. Nikaenda kusoma. Wasee, hii historia si mchezo.

Tuanze na jina. Kitaalamu ugonjwa unaitwa herpes zoster. Yote ni Kigiriki. Herpes inatoka kwa neno la kutambaa. Zoster ni mkanda, na kwa hadithi za zamani za Wagiriki ni mkanda wa mpiganaji. Sasa angalia Kiswahili: mkanda, tena wa jeshi. Wanorwe wao wanauita moto wa jehanamu, na mimi kama mtu aliyeupata nasema hao ndio walisema ukweli wote.

Kwa muda mrefu madaktari walidhani ni ugonjwa wa ngozi tu. Katika karne ya 19, huko Uingereza na Ujerumani, wakaanza kuona kwamba vipele vinafuata njia ya neva. Mwaka wa 1900, Henry Head na Campbell walichapisha London uchunguzi wa miili ya watu waliokufa wakiwa wameugua mkanda. Walikuta uharibifu kwa mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, na wakachora ramani ya ngozi kuonyesha kila neva inahudumia sehemu gani. Ndio maana mkanda unakaa upande mmoja wa mwili, na kwa kawaida hauvuki katikati. Ile nusu dakika ya daktari wangu ilikuwa imesimama juu ya hiyo ramani.

Wakati huo huo, mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa Hungary anaitwa Bókay alikuwa ameona kitu kingine. Mtu mzima akipata mkanda nyumbani, wiki chache baadaye watoto wa hiyo nyumba wanatokwa na tetekuwanga. Wengi hawakumwamini. Mwaka wa 1925, Kundratitz alichukua maji ya vipele vya mkanda akawachanja watoto nayo, na wengine wakatokwa na vipele kama vya tetekuwanga. Leo hakuna mtu angekubaliwa kufanya hivyo, na ni sawa asikubaliwe. Miaka ya 1950, Thomas Weller wa Marekani alikuza virusi kutoka kwa magonjwa yote mawili kwenye maabara, akaonyesha ni kirusi kimoja.

Lakini swali langu bado: kirusi cha darasa la pili kilikuwa wapi miaka hiyo yote?

Aliyejibu vizuri hakuwa profesa wa chuo kikubwa. Alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, anaitwa Edgar Hope-Simpson. Kutoka 1947 hadi 1962 aliandika kila mgonjwa wa mkanda aliyeingia kwake, wote 192. Aliona mkanda hauji kwa mawimbi kama tetekuwanga, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo uwezekano unapanda. Mwaka wa 1965 akasema wazi: kirusi hakitoki nje. Baada ya tetekuwanga kinaingia kwa neva na kulala humo miaka mingi, na kinga ya mwili ikilegea kinaamka na kufuata ile neva hadi kwa ngozi. Mwaka wa 1984 wanasayansi wa Marekani walilinganisha DNA ya kirusi kutoka kwa mgonjwa mmoja aliyeugua tetekuwanga kisha mkanda. Kilikuwa kile kile. Mzee wa Cirencester alikuwa sahihi, na kifaa chake kikubwa kilikuwa daftari na subira.

Kwa hivyo mkanda haukupatikana jana, na haukupatikana kitandani. Kama uliugua tetekuwanga, na wewe unabeba kirusi hicho sasa hivi ukisoma hii. Na ndio, kiko kwa familia ya herpes, ambayo ina virusi kadhaa vinavyojulikana kwa binadamu. Hicho cha mkanda sio kile cha sehemu za siri. Ni kama mabinamu: jina moja la ukoo, tabia tofauti.

Kuvitofautisha kwa macho wakati mwingine ni ngumu. Mwaka wa 1947 Tzanck, huko Ufaransa, alionyesha kwamba ukikwangua chini ya kipele na kuangalia kwa darubini, unaona seli kubwa zenye viini vingi. Shida ni kwamba hicho kipimo hakikuambii ni binamu yupi. Leo wakiwa na shaka wanachukua majimaji ya kipele kwa pamba na kupima DNA ya kirusi kwa PCR, mbinu iliyobuniwa miaka ya 1980. Hiyo inataja jina.

Sasa turudi kwa swali ya mathe, kwa sababu haikutoka hewani. UKIMWI ulipofika kwetu miaka ya 80, madaktari wa huku Afrika waliona vijana wengi wakipata mkanda, ugonjwa waliozoea kuuona kwa wazee. HIV hulegeza kinga, na kinga ikilegea kirusi kinaamka. Kwa hivyo mkanda kwa kijana ukawa dalili ya kufanya mtu apimwe. Hiyo ilikuwa busara ya hospitali, na hadi leo ni sawa. Makosa yalifanyika kwa ploti, pale dalili ya kupima ilipogeuzwa kuwa matokeo.

Na hayo makosa yanaumiza watu. Dawa kama acyclovir hufanya kazi vizuri zaidi ukianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Mkanda ukitokea karibu na jicho unaweza kukuharibia macho. Mtu anayejificha chumbani juu ya aibu anapoteza hizo saa. Hapo kinachomponza ni mdomo wa jirani.

Mimi daktari aliniambia nipime HIV, nikapima. Najua kuna wenye mmesoma hadi hapa mkingojea hayo majibu. Sitayasema. Kama ni negative mtapumua, na kama ni positive mtanihurumia, na kwa zote mbili mtakuwa mmerudi palepale mathe aliposimama akifunga mlango. Kitu cha muhimu ni kwamba mimi najua, na nimelala vizuri tangu nijue.

Jioni hiyo nilimweleza mathe kuhusu yule mzee na daftari lake. Alinyamaza, halafu akaanza kuongea kuhusu yule jirani. Alikuwa bado anakumbuka jina lake. Akasema angependa kujua alihamia wapi.

Ukiona mkanda, wako ama wa mtu mwingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na uache mlango wazi.