Ridhaa Iliyokuwa na Mshahara
Kwa watu wa pwani, kutoka Bagamoyo na Saadani hadi Pangani, mwaka 1988 una fahari yake: Coastal Union ya Tanga ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Miaka miwili kabla, Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa imefanya hivyo hivyo.

Soka letu lilikuwa la ridhaa, lakini ridhaa ile haikumaanisha njaa. Wachezaji wengi waliajiriwa na mashirika ya umma; mshahara ulitoka kazini, jasho likamwagika uwanjani. Ajira zilitawanyika mikoani, na vipaji vikatawanyika pamoja nazo.

Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa, nguzo hiyo ikaanguka. Tangu Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda, itwae ubingwa mwaka 1999 na 2000, ni Azam pekee, msimu wa 2013/14, iliyowapokonya Simba na Yanga taji. Nayo ina mtaji wa Bakhresa nyuma yake.

Kulipwa ni haki ya mchezaji. Hilo halina mjadala. Mjadala ni mgawanyo. Fedha zikikaa Kariakoo tu, mtoto wa Saadani atabaki mtazamaji wa ligi anayoiita ya taifa.