Kigoda, Jembe na Njia ya Changarawe

Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni, na hapana mtu wa mwambao asiyezijua. Ya kwanza yanena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yanena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika ile ya kwanza mgeni ni baraka. Katika hii ya pili ni mtu wa kuwekewa mpaka. Iko nchi moja ya bara ambayo historia yake yote yaweza kusomwa baina ya methali hizi mbili, ingawa hazikutungwa huko. Nchi hiyo ni Ufipa.

Ufipa ni uwanda wa juu ulioinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maji ya maziwa yote mawili yako kiasi cha mita 800 juu ya bahari. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700, na milima ya Mbizi, iliyosimama ukingoni kulitazama bonde la Rukwa, yapita mita 2,000. Baina ya kingo hizo nchi haikulala wala haikusimama. Ni vilima vya mviringo vilivyovaa majani badala ya miti, kimoja nyuma ya kingine, mithili ya mawimbi ya kusi. Mtu wa visiwani akifika huko hupata baridi asiyoizoea, lakini umbo la nchi halimwii geni.

Njia zinazopita juu ya vilima hivyo, nyingi hata leo, ni za udongo na changarawe, na chombo chake ni baiskeli. Katika nchi za Ulaya na Marekani kuendesha baiskeli katika njia za changarawe kumekuwa mchezo wenye wapenzi wengi katika miongo hii miwili, na mwaka 2021 mchezo huo ulifika Maasai Mara nchini Kenya kwa mashindano ya siku kadhaa. Mkulima wa Ufipa hakuungoja. Kwake baiskeli ni punda asiyekula: hubeba gunia la mahindi, hubeba mkaa, hubeba mgonjwa. Kwenye mteremko huipanda, kwenye mwinuko hushuka akaisukuma. Na kwa mwenye kuitafuta historia, baiskeli ina fadhila ambayo gari halina. Mwendo wake ni wa kuonana. Apitaye kwa gari huacha vumbi. Apitaye kwa baiskeli hana budi kutoa salamu, na mwenye kusalimu huulizwa atokako na aendako. Hapo ndipo historia inapoanza kusimuliwa.

Safari ya namna hiyo yafaa ianzie Milanzi, hapo karibu na mji wa Sumbawanga. Wafipa wa zamani walihamisha vijiji vyao ardhi ilipochoka, ila Milanzi, kwa mapokeo yao, ni kijiji cha milele, kisichohama. Yasimuliwa kwamba mtawala wake wa kwanza alianguka kutoka mbinguni. Kizazi chake kiliishika nchi mpaka siku mmoja wa wafalme hao alipokwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimuusia mkewe: watakuja wageni, nao usiwape kigoda changu. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali. Wakaomba pa kukaa, mke akakataa, wakashikilia, hatimaye kigoda kikatolewa. Walipokwisha kukikalia, nchi ilikuwa imekwisha kuwa yao. Mfalme aliporudi alikuta amekuwa mwenyeji asiye na kiti.

Kisa kingeweza kuishia kwa damu, lakini hakikuishia hivyo. Ilifanywa sulhu. Wageni, ambao kizazi chao chaitwa Watwa (wasichanganywe na mbilikimo wenye jina kama hilo), walichukua utawala wa nchi. Mtawala wa Milanzi alibakiwa na kijiji chake, mlima wake wa Itwelele na heshima ya kuwa mzee wa ardhi, mwenye neno katika ibada za nchi. Baadaye Watwa wenyewe waligawanyika, wakawa na dola mbili zilizohasimiana, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini. Dola ya Nkansi haiko tena, lakini jina lake lingali hai katika wilaya ya Nkasi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi kwa Wafipa katika miaka ya 1960, alikifanya kisa hicho cha kigoda kuwa ufunguo wa kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya kuzaliwa kwa dola ya Ufipa.

Msomaji wa Unguja hatakiona kisa hiki kuwa cha ajabu. Sisi nasi tuna Dunga. Mwinyi Mkuu aliendelea kukaa huko, akiheshimiwa na watu wake, hali bendera ya Sayyid ikipepea mjini. Alipofariki wa mwisho wao mwaka 1873 hapakuwa na wa kumrithi, na ngoma na siwa zikaishia kuwa vitu vya makumbusho. Wenyeji wa Dunga na wa Milanzi walipewa sharti lililokaribiana: mgeni atatawala, mwenyeji ataenziwa. Tofauti ni kwamba Wafipa waliligeuza sharti hilo kuwa hadithi, wakaifanya hadithi hiyo kuwa katiba yao.

Hiyo ni habari ya kigoda. Ama jembe, habari yake imesimama maporomokoni na vichakani, kwa wenye macho ya kuiona. Ni matanuri ya kuyeyushia chuma, ambayo Wafipa huyaita malungu: minara ya udongo yenye urefu wa mita tatu hivi, iliyotobolewa matundu chini kuzunguka kitako chake. Haikuhitaji mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe matunduni, ikapanda, na moto wa mkaa ukalila jiwe la chuma kwa siku kadhaa. Chuma hicho kilikuwa bado na takataka, kikasafishwa katika tanuri dogo, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe. Wahunzi walilihesabu tanuri kuwa bibi arusi. Walilipamba, wakajiepusha na wake zao mpaka kazi iishe, kwani kilichokuwa kikitendeka ndani yake kilikuwa uzazi. Mshairi yeyote atauelewa mfano huo bila kufafanuliwa.

Jembe hilo ndilo lililoifuga nchi. Kwa kuwa miti ni michache, Mfipa hakuweza kukata matawi na kuyachoma apate majivu ya kurutubisha shamba, kama walivyofanya Wabemba wa kusini. Yeye aliyafukia majani chini ya matuta ya duara yakaoza, akapanda humo kunde na maharage, na msimu uliofuata akayasambaza matuta na kumwaga ulezi. Kilima chenye matuta kikitazamwa kutoka mbali huwa kama ngozi yenye vipele. Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyepita huko mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kwa ukulima na upole wao, akasimulia pia habari za nguo za pamba walizozifuma wenyewe.

Thomson hakujiongoza. Msafara wake ulitoka pwani mwaka 1879, na mkuu wa wapagazi wake alikuwa Chuma, yule yule aliyesaidia kuuleta mwili wa Livingstone pwani, naye alifariki Unguja mwaka 1882. Zaidi ya miaka kumi kabla yao, Tippu Tip alikuwa amekwisha kupita kusini mwa Ziwa Tanganyika, akapigana na Nsama wa Itabwa mwaka 1867, na habari hizo akaziandika kwa Kiswahili katika maisha yake. Hivyo nchi hizo zilijulikana vibarazani Unguja kabla ya kuandikwa katika ramani za Ulaya. Lakini zilijulikana kama njia ya pembe na ya watumwa. Mpagazi aliijua kisima kwa kisima, na tajiri akaijua kwa frasila.

Wengine walipita pia. Wangoni waliokuja kutoka kusini ya mbali walimzika Zwangendaba, kiongozi wao, huko Mapupo katika Ufipa, yapata mwaka 1848, kisha wakatawanyika. Mapadri Weupe waliingia Karema mwaka 1885. Askofu wao Lechaptois alichapisha mwaka 1913 kitabu kirefu juu ya watu wa kando ya ziwa. Wajerumani walijenga boma Kasanga, wakaliita Bismarckburg, na Waingereza wakalitwaa Juni 1916. Majembe ya viwandani yakaja kwa meli na kuuzwa rahisi, na malungu yakazimika moja baada ya jingine.

Kisha ikaja amri ya vijiji, baina ya 1973 na 1976, na watu wengi wakahamishiwa kando ya barabara. Ndiyo maana mpanda baiskeli wa leo hukuta nyumba zilizojipanga safu moja, hali makaburi ya wazee yako mbali, nyuma ya vilima. Katika miaka ya 2010 lami ilitandikwa kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kiasi cha kilomita 224, kwa fedha za mkataba uliotiwa saini na Marekani mwaka 2008. Hapana mwenye akili atakayeilaumu lami. Mjamzito wa Laela na mwuza mahindi wa Mpui hawawezi kuishi kwa ajili ya wapenzi wa mambo ya kale. Lakini lami nayo ni mgeni aliyepewa kigoda. Kila kilicho kando yake hukua, na kila kilicho mbali nayo husahauliwa.

Basi yafaa kwa mgeni huyu ifanywe sulhu kama ile ya Milanzi. Barabara kubwa na itawale safari na biashara. Njia ndogo za changarawe, ziendazo kwenye malungu na kwenye mlima wa Itwelele, zibakiwe na heshima ya mzee wa ardhi: zitunzwe, ziandikwe majina, na watoto wa shule wapelekwe huko kwa miguu au kwa baiskeli wakiwa na mzee wa kusimulia. Tanuri la udongo halihimili mvua nyingi bila mtu wa kulijali. Dunga tulibakiwa na magofu na siwa. Milanzi bado ina kijiji, na ndani yake bado wamo watu.