Amani: Kituo cha Utafiti cha Usambara Mashariki

Amani iko katika Milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, kiasi cha meta 900 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua hapo Taasisi ya Biolojia na Kilimo.

Kilichowasukuma ni hasara. Katika miaka ya 1890 walowezi walifyeka msitu wapande kahawa, wakiamini kwamba penye miti mikubwa pana rutuba. Kumbe udongo ulikuwa na tindikali nyingi na mvua ilikwisha kuusafisha virutubisho. Mibuni ikadhoofika mapema. Upatikanaji wa ardhi ya mashamba hayo ulirahisishwa na amri ya mwaka 1895, iliyoifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya serikali ya kikoloni.

Mkurugenzi wa kwanza, Franz Stuhlmann, aliwahi kufuatana na mpelelezi Emin Pasha katika msafara wa kuelekea maziwa makuu, uliokusanya mimea na wanyama huku ukipeperusha bendera ya Ujerumani. Huko Amani mkusanyo uligeuka majaribio. Vibarua walisafisha miteremko na kuotesha miche ya mikwinini, mikafuri, midalasini na mipira, mimea ya kuuzwa ng'ambo. Muhogo na mahindi ya wenyeji Wasambaa havikupewa uzito huo. Vita vilipozuka mwaka 1914 na bahari kufungwa na Waingereza, maabara ziligeukia kutengeneza kwinini na sabuni kwa ajili ya jeshi.

Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaifufua. Katika miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey na wenzake walishughulikia batobato na michirizi kahawia, magonjwa ya muhogo. Walizalisha machotara wa muhogo na mpira wa Ceará, ndugu yake kutoka Brazili, ambao Wajerumani waliupanda mashambani kwa ajili ya utomvu. Vizazi vya machotara hao vilistahimili batobato, na baadaye vilitumika Nigeria kuzalisha mbegu bora.

Mwaka 1948 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na baadaye Amani ikawa kituo cha malaria, ambacho hatimaye kiliingia chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Msitu nao ulifanywa hifadhi ya mazingira mwaka 1997. Ndani yake mhesi, mti ulioletwa kupandwa enzi za ukoloni, umeenea na kushindana na miti ya asili.