Nani alikupa 4.0?

Wenzangu, kwenye CV yangu ya kwanza niliandika: «Excel: vizuri sana.» Nani alinipima? Mimi mwenyewe. Njo maana historia ya namba za pickleball imenigusa.

Mchezo huo ulizaliwa 1965 kwenye kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Joel Pritchard, Bill Bell na Barney McCallum walitafuta tu kitu cha kuchangamsha familia wakati wa likizo. Namba zilikuja baadaye, mashindano yalipokuwa mengi. Chama cha taifa, kilichoundwa 2005, kilikuwa na ngazi za 2.5, 3.0, 3.5, hadi 5.0 na zaidi. Mchezaji anasoma maelezo ya kila ngazi, halafu anajipa yake.

Shida ilianzia pale. Mwenye majivuno anajipandisha, na kiwanja kinamwaibisha haraka. Mjanja, yeye, anajishusha ili acheze na wanyonge na kubeba medali. Kwangu huyo ni mubaya zaidi.

Dawa ilikuwa tayari kwenye sataranji. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria na profesa wa fizikia huko Milwaukee, alitengeneza hesabu ambayo chama cha sataranji cha Marekani kilipokea 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, 1970. Namba ya Elo inabashiri: mtu akikuzidi pointi 200, anategemewa kupata karibu 76 kwa 100 ya alama mnazogombania. Ukimshinda huyo, unapanda sana. Ukishinda mnyonge, unaokota makombo tu.

Mwaka 2021 ikaingia DUPR, kutoka 2.000 hadi 8.000, inayosoma matokeo ya mechi. Hata tofauti ya pointi imehesabiwa humo: kuna wakati, ukitegemewa kushinda 11–3, ukashinda 11–9, namba iliweza kushuka. Wengine waliona ni uonevu, kushinda na kushushwa. Mimi mtu wa kilimo sishangai: udongo wenye rutuba ukitoa tani moja ya mahindi kwa hekta, nani atasifu?

Basi, siku ya jaribio la kazi, walinifungulia jedwali la mavuno ya vijiji kadhaa, wakaniomba wastani wa kila kijiji. Dakika kumi na tano. Nilitoa kalkileta ya simu.