Hundi hewa

Hundi hewa ni hundi inayotolewa na mtu anayejua kuwa akaunti yake haina fedha za kutosha au imefungwa. Nchini Tanzania, anayejipatia mali kwa hundi ya namna hiyo anaweza kushtakiwa kwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Adhabu yake hufika kifungo cha miaka 7. Jambo zito ni nia. Mkulima wa miwa wa Kidatu ambaye hundi yake imerudishwa kwa sababu malipo ya miwa yake yamechelewa, bila kukusudia kumdanganya muuzaji wa mbolea, hana kosa hilo, ingawa deni linabaki na anaweza kufunguliwa kesi ya madai. Kenya ina kifungu mahususi kuhusu hundi hewa, cha 316A cha Kanuni yake ya Adhabu: adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.