Kapi, Betri na Karatasi ya Mtihani

Juma hili naanza na swali la mtihani. Kwenye karatasi pamechorwa magurudumu mawili yenye meno, moja kubwa na moja dogo, yameumana. Kubwa likizunguka kuelekea kulia, dogo litaelekea wapi, na lipi litakwenda mbio zaidi? Jibu ni kwamba dogo litaelekea kushoto, na ndilo litakalokwenda mbio.

Mpwa wangu, fundi wa baiskeli na pampu za maji hapa Mtwara, analijua hilo tangu utotoni. Anajua pia kwamba ukiyaunganisha magurudumu hayo kwa mnyororo, kama ya baiskeli, yote mawili yatazunguka upande mmoja. Miaka kadhaa iliyopita aliitwa kwenye usaili wa kazi katika kampuni moja, akawekewa karatasi ya namna hiyo, akarudi nyumbani amenuna. "Mjomba," aliniambia, "michoro yote niliielewa. Maneno ndiyo yaliyonishinda." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, tena kile cha kuelezea mzunguko kwa mwendo wa mishale ya saa. Kazi hakuipata.

Mitihani ya aina hii haikuanza jana. Mmoja uliovuma sana ulitungwa na Mmarekani George K. Bennett, ukatolewa mwaka 1940. Ulikuwa na picha na maswali mafupi: mzigo upo hapa, nguzo ipo pale, nani kati ya hawa wawili anabeba uzito zaidi? Wazo lenyewe si baya. Humtafuti mtu aliyekariri kitabu cha fizikia, unamtafuta yule ambaye jicho lake linaona nguvu inapopita. Ila picha nazo zina kwao. Mtu huchora vitu alivyokulia navyo.

Huku kwetu kusini mashine ziliingia kwa kishindo kabla ya mitihani. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu, kwa pauni milioni 25. Mashamba yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea ndipo ikajengwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara pamoja na reli. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kiwandani vikaambiwa vilime. Vijana ambao hawajawahi kukaa nyuma ya usukani walifundishwa haraka haraka wakapelekwa porini.

Matrekta yalipokwama na kuvunjika, lawama zikamwangukia dereva na spana boi: Mwafrika hana akili ya mashine. Hayo yalisemwa sana. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa kama saruji, mvua ni za kubahatisha, mizizi ya vichaka ilipinda majembe ya chuma, na vipuri vilikuwa haba. Waliopanga mradi hawakupimwa na mtu yeyote, wala hawakutangulia kulima shamba la majaribio la maana. Mpango ulivunjwa mwaka 1951. Bandari ilikamilika mwaka 1954, karanga zimekwisha kuachwa miaka mitatu. Reli ikafungwa mwaka 1962.

Miaka hiyohiyo vijana wengi wa Tanganyika na Msumbiji walikuwa wakisafirishwa na WENELA kwenda migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Huko ndiko Mwafrika alikopimwa kwelikweli. Mwaka 1946 Afrika Kusini ilikuwa imeanzisha taasisi ya kuchagua wafanyakazi kwa njia za kisaikolojia, ikiongozwa na Simon Biesheuvel. Alikabiliwa na wanaume wenye lugha chungu nzima, wengi wao hawakusoma. Akatengeneza filamu isiyo na maneno ya kuwaonyesha kinachotakiwa, kisha mtu akapewa vitu vya kushika: kupanga vipande, kuchambua boliti na nati. Aliyefanya vizuri alipelekwa kwenye kazi za mashine, mwingine akapewa sepetu.

Sina sababu ya kuusifu mtihani ule. Sheria za ubaguzi zilikuwa zimekwisha kuamua kwamba hata angeshinda vipi, Mwafrika asingekuwa fundi mkuu. Lakini jambo moja linanikera kila nikilifikiri. Makaburu, waliotaka tu jasho la watu wetu, walitambua kwamba ukitaka kujua kama mtu anaelewa mashine, usimpime lugha.

Na sisi je? Shule ya Ufundi ya Ifunda ilifunguliwa mwaka 1951, nyingine zikafuata, na Mtwara tukapata yetu. Baada ya Uhuru, Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1974 iliimarisha mafunzo ya ufundi nchini, na fundi akajulikana kwa gredi yake: gredi ya tatu, ya pili, hadi ya kwanza. Nakumbuka heshima aliyokuwa nayo mtu mwenye gredi ya kwanza mtaani. Viwanda vya korosho vilivyojengwa miaka ya 1970, vyenye mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, viliwahitaji watu hao, mpaka vingi vilipofungwa. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda VETA.

Kisha gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, lakini kelele zake tulizisikia miaka ya 2000, ilipoanza kuzalisha umeme wa Mtwara. Mwaka 2013 watu waliingia barabarani kulipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na roho za watu zikapotea. Mengi yalisemwa siku zile, na moja lililorudiwa kila kijiwe lilikuwa kazi: nani ataajiriwa? Katika miaka hiyo VETA, pamoja na VSO na makampuni ya gesi, iliwaandaa vijana wa Mtwara na Lindi kwa vyeti vya City & Guilds, chombo cha London cha tangu mwaka 1878. Kiingereza cha kazi kilikuwa sehemu ya mafunzo. Sikubezi hilo, kwani kitabu cha mtambo mkubwa hakiandikwi Kimakonde. Nauliza tu, kwa nini kwanza tupime lugha ndipo tuifikie akili?

Maana akili hiyo ipo, na mimi mtu wa redio nina ushahidi. Kijijini mkulima alikuwa akipanga betri nne za redio moja nyuma ya nyingine, akijua akigeuza moja tu sauti itadhoofika au kupotea kabisa. Kila betri ni volti moja na nusu, nne zikifuatana ni sita, na iliyogeuzwa inatoa badala ya kuongeza. Zikichoka alizianika juani, na joto likaamsha kemikali zilizobaki, taarifa ya habari ikasikika siku mbili tatu zaidi. Angeulizwa swali hilo kwenye karatasi angeandika nini?

Juzi nilikuwa ufukweni Shangani wakati mashua inavutwa nchi kavu. Kamba ilifungwa kwenye shina la mnazi, ikapita kwenye kapi iliyofungwa mashuani, ikarudi kwenye kapi nyingine pale mnazini, ndipo ikashikwa na vijana wanne. Nikamwuliza nahodha swali kama la Bennett: mashua ikisogea pima moja, hawa wanavuta kamba kiasi gani? Mzee hakunijibu kwa mdomo. Aliishika kamba, akanyoosha mikono yote miwili, akaihamisha, akanyoosha tena. Pima mbili.